Nguruzi Iliyokwama Barabara ya Njombe

Mashua ile niliikuta Makambako, nyuma ya duka la nguo, imelazwa juu ya magogo mbali kabisa na maji yoyote ya kuelea. Lori lililoileta kutoka Iringa lilivunjika ekseli, mwenye lori akaishusha hapo akaenda zake. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa taniboi, yaani utingo, wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja wa Njombe. Tajiri wetu alipewa kazi ya kuifikisha mashua hiyo ziwa Nyasa, kwa misheni iliyoinunua. Mimi Mbena wa juu milimani sikuwa nimewahi kuona chombo kikubwa kuliko mtumbwi wa kuvukia mto. Nilipoigusa ubavuni ilikuwa na baridi ya jiwe, na wenye duka waliniambia watoto wao hawachezi karibu nayo, ingawa hakuna aliyewakataza.

Misheni ilimtuma nahodha wake aje kuisindikiza. Alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi, aliyechukia baridi yetu na hakuficha. Asubuhi ya kuondoka alipiga magoti nyuma ya mashua, akapapasa chini karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kisha akaniita.

"Unaona hii?" Alinionyesha kichwa cha shaba chenye pembe nne, kimezama ndani ya rangi. "Hii ni nguruzi. Ni kizibo. Chombo kikiwa majini, inafungwa. Kikiwa nchi kavu, inatolewa, mvua ipate pa kutokea. Waliopaka rangi huko pwani wameipaka ikiwa imefungwa. Imeshikana."

Alijaribu kwa spana. Haikucheza. Nikajaribu na mimi mpaka spana ikateleza na kunichubua ngumi.

Shemeji alikuwa ameshawasha injini. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Njombe, na alijua barabara ile ikilowa inakuwaje.

"Nahodha, tutaifungua Njombe. Huko kuna gereji."

"Mvua itatukuta njiani."

"Kuna turubai."

"Turubai halizibi kila kitu," nahodha alisema. "Na humo ndani mmepakia mabati ya watu. Maji yakiingia chini ya sakafu hatuwezi kuyateka kwa ndoo."

Shemeji alipanda, akafunga mlango. Nahodha akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kusema neno. Mtu haanzi kubishana na kaka wa mke wake mbele ya mgeni. Nikapanda, na yeye akapanda, tukabanana watatu mbele.

Mashua tuliipakia kinyumenyume, nyuma yake ikielekea kwetu na pua yake ikitokeza nje ya bodi. Kati yake na ukuta wa kebini ulibaki upenyo wa kupita mtu mwembamba. Kwenye kila shimo nilisikia kamba za katani zikilia.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeacha nyumba za mwisho za Makambako nyuma kitambo. Haikuwa na radi, ilimwagika tu, nzito na baridi, pamoja na ukungu uliofunika miti ya miwati ya pande zote mbili. Mchana uligeuka kuwa kama magharibi. Mwanzoni tuliongea. Halafu nahodha akaegemeza sikio kwenye ukuta wa nyuma.

"Sikilizeni."

Nilisikia mvua tu. Kisha shemeji akakanyaga breki kidogo kwenye kona, na nikasikia kitu kingine: mngurumo wa polepole unaotoka mbali na kuja kwetu, halafu kishindo nyuma ya migongo yetu. Lori likasukumwa mbele kama limegongwa. Alipoachia breki, mngurumo ukarudi nyuma, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake mpaka nikaona anaushika kwa nguvu zaidi.

"Maji," nahodha alisema. "Yanatembea."

Kila mteremko tulikuwa tukisubiri kile kishindo. Shemeji alitokwa jasho kwenye baridi ile. Tulikuwa tunaelekea mteremko mrefu unaoshuka mtoni, penye daraja la miti, na sote watatu tulijua upo. Tulipoanza kushuka, magurudumu ya nyuma yakavutwa pembeni, taratibu, kama mtu anayegeuzwa bega bila kutaka. Shemeji alilielekeza lori kwenye ukingo wa udongo, likajikita hapo, pua chini. Niliruka nikaweka mawe mbele ya magurudumu. Chini, ndani ya ukungu, mto ulikuwa unavuma, na daraja sikuliona.

"Hatuendi mbele na uzito huu," nahodha alisema. "Na kurudi nyuma hatuwezi. Ifunguliwe hapa hapa."

Nguruzi ilikuwa ndani ya ule upenyo. Nahodha hakuweza kuenea. Shemeji alivua koti.

"Wewe kaa kwenye breki," nilimwambia. "Mimi sijui kuendesha."

Aliniangalia akatikisa kichwa, lakini alijua ni kweli. Nikaingia kiubavu, mgongo kwenye bati la kebini, kifua kwenye mbao za mashua. Nilihisi maji yakipumua upande wa pili wa mbao. Nahodha alisimama ubavuni mwa lori akinielekeza kwa sauti ya chini, kama tuko karibu na mgonjwa.

"Kwanza kwangua rangi kuzunguka kichwa chake. Yote, hata ndani ya mfereji unaokizunguka."

Nilikwangua kwa msumari. Akanipa mafuta ya taa kwenye kopo, nikayamimina. Akafungua rejeta, akakinga kwa birika maji yaliyokuwa yakichemka, akanipitishia.

"Mwagia pembeni ya nguruzi, kwenye ile pete inayoishika. Pete ipanuke. Sasa igonge kidogo. Kidogo! Usiilegeze bado. Ikaze kwanza."

"Niikaze?"

"Ikaze. Rangi iliyoingia kwenye nyuzi zake ikatike."

Niliikaza. Kitu kililia, na nikadhani ni nguruzi. Ilikuwa ni kabari ya mbao iliyozuia mashua isiteleze mbele. Nahodha aliiona ikipasuka.

"Toka humo," alisema.

Lakini spana ilikuwa imeanza kwenda. Niligeuza upande wa kulegeza, ikaja robo, ikaja nusu, kisha nikaimalizia kwa vidole. Nguruzi iliruka ikanipiga kifuani, na maji yakafuata, mazito kama mkono, meusi kwa uchafu wa safari nzima. Wakati uleule mashua ikasogea. Haikusogea sana. Ilikuja tu mpaka ikanishika mkono wa kulia kati yake na bati la kebini, ikatulia.

Sikupiga kelele mara moja. Nakumbuka nilishangaa kwamba hauumi. Halafu ukauma.

Shemeji alikuwa akiniita kutoka ndani, upande wa pili wa bati, karibu kabisa na sikio langu, na hakuweza kuachia breki. "Shemeji! Shemeji, nijibu!" Nahodha alikata mti wa mwati ukingoni, akauchomeka chini ya mashua akaulalia kwa unene wake wote, akikohoa. Haikuinuka. Maji yaliendelea kunimwagikia tumboni na miguuni, na nahodha akawa anarudia, "Yanapungua. Yanapungua. Ngoja." Nilipoacha kuhisi miguu yangu, mkondo ukawa mwembamba, naye akaulalia tena mti, na mashua ikarudi nyuma kiasi cha mimi kuanguka nje.

Tulivuka daraja tukiwa wepesi, polepole, maji ya mto yakigusa miti yake. Nahodha aliushika mkono wangu juu mpaka hospitali ya misheni, Njombe. Huko walinikata vidole viwili.

Safari iliendelea bila mimi. Shemeji aliporudi kutoka ziwani alikuja moja kwa moja wodini, na tope la barabara bado kwenye suruali. Mke wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakumwamkia kaka yake.

"Mashua imeelea," shemeji alisema, akimwambia ukuta zaidi kuliko sisi. "Nahodha amesugua nyuzi za nguruzi kwa mswaki, akazipaka mafuta ya ng'ombe. Anasema ikazwe kwa mkono tu, na itolewe kila mashua inapopandishwa nchi kavu."

"Asubuhi ile ya kuondoka uliambiwa itolewe?" mke wangu akamwuliza.

"Niliambiwa."

Mke wangu akainuka akatoka nje. Chakula kilikuwa kimeletwa, ugali na maharage, na bado sikuwa nimezoea kula kwa mkono wa kushoto. Shemeji alinawa, akavuta kigoda, akamega tonge, akalichovya, akaninyoshea. Katika mila zetu shemeji hamlishi shemeji, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatutazama.

Nikafungua mdomo.