Mtu wa Sita Kwenye Ngazi

Siku ile tulikuwepo hawa. Mimi, na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Rafiki yangu Mkongo, jirani yangu hapa Bordesley Green, Uingereza, ukuta wake ndio ukuta wangu. Dada Singasinga wa Kisumu, aliyesoma shule moja na marehemu wifi yangu, sasa anakaa Harborne na mwanawe. Wanawake wengine tisa wa kikundi chetu cha Alhamisi, tunaokutana kuzungumza Kiswahili. Meneja wa nyumba ya kale tuliyokwenda kuitembelea, mwanamke mwembamba anayening'iniza miwani shingoni, bosi wa mjukuu wangu. Na bibi mmoja Mzungu mwenye mkongojo, ambaye mama yake mzazi alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, lakini hawakuniomba niwaandike.

Ilikuwa kiangazi cha mwisho kabla ya korona. Mjukuu wangu alikuwa kwenye kazi ya majaribio katika nyumba moja kubwa ya kitajiri nje kidogo ya jiji, zile nyumba za Waingereza zenye msitu wake na ziwa lake. Kazi yake kuwaeleza wageni historia. Meneja alikuwa akilalamika kwamba watu wa mitaa yetu hawafiki pale. Mjukuu wangu, mdomo wake mwepesi kama wa babu yake, akasema atawaleta, na ziara itakuwa ya Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Kumbe Kiswahili anakisikia tu. Ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Akaja jikoni kwangu na makaratasi. Akaniambia kwa Kiingereza chake, huku akikwepa macho yangu, kwamba mimi ndiye nitakayesimulia. "Ayeeyo," akasema, maana ndivyo Wasomali tunavyoita bibi, "siku hiyo ikienda vizuri watanipa kazi ya kudumu. Ikiharibika, mwezi huu unaisha na mimi naisha nao."

Mimi nimesoma chuo cha Kurani, na shule madarasa matatu tu, Garissa. Makaratasi kwangu hayana faida. Lakini kusikia na kushika, hapo niachie. Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu mababu, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, mpaka anawafikia wale ambao hata makaburi yao hayajulikani. Nikamwambia anisomee wenye nyumba namna hiyo. Kwa wiki tatu nilikata vitunguu na Waingereza mdomoni.

Wa kwanza alikuwa mfua misumari aliyetajirika akanunua malisho na msitu, akajenga. Wa pili, mwanawe, akaongeza ghorofa na jiko la chini ya ardhi, ili asisikie harufu ya chakula kabla hakijafika mezani. Wa tatu alikibomoa kijiji kizima na kukihamisha nyuma ya kilima, kwa sababu moshi wa wanakijiji ulimharibia kinachoonekana dirishani. Wa nne akachimba ziwa. Wa tano alikuwa mtu wa farasi, akagombana na watu wa reli mpaka akafa. Wa sita akauza mashamba ya upande wa jiji, na nyumba za matofali zikaja hadi ukutani. Wa saba alishindwa hata kutengeneza paa, ndipo jiji likaichukua. Wanawake mjukuu wangu alinisomea mwishoni, haraka haraka, kesho yake ndiyo safari. Nilimshika mmoja vizuri, binti wa yule wa tano, aliyepanda bustani ya matunda ndani ya kuta.

Asubuhi kwenye basi sikula hata sambusa. Rafiki yangu Mkongo alinishika mkono akauliza kwa nini nimekuwa baridi hivi. Nikamwambia ni kiyoyozi. Tukiwa mlangoni, mjukuu wangu akanitengenezea mtandio kama mimi ndiye mtoto.

Mwanzo ulikwenda. Jikoni walicheka, kwenye kisa cha kijiji waliguna. Yule bibi wa mkongojo alikuwa ameketi ukumbini. Mjukuu wangu akaninong'oneza kwamba ni mtu wa ukoo wenyewe, huja mara moja moja, na meneja humsikiliza sana. Tukapanda ngazi, na picha za wenye nyumba zimepangwa ukutani, nami nikawa nawataja kila mmoja na baba yake. Tulipofika ya sita nikaona watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mjukuu wangu akaninong'oneza tena: huyo ndiye wa sita, na huyo mkewe, yule wa bustani.

Ulimi ukatangulia kichwa. Nikasema, "Huyu ni wa sita, mwana wa yule wa tano. Na huyu mkewe, aliyepanda bustani, binti wa yule wa tano."

Mkongo akainua kidole. "Ngoja kwanza, mama. Huyu bwana ni mtoto ya ule wa farasi. Na huyu mama naye ni mtoto ya ule wa farasi. Sasa balioana namna gani?"

Kisha dada wa Kisumu akasema taratibu, "Ndiyo maana nyumba haikutoka nje ya familia."

Ngazi nzima ikalipuka kwa kicheko. Kule chini bibi wa mkongojo akasimama, akauliza kinachochekesha ni nini. Meneja akavaa miwani yake, akamtazama mjukuu wangu akisubiri tafsiri.

Nilimwona mtoto akitafuta uongo. Namjua tangu ananyonya, akitafuta uongo hutazama juu. Angeweza kusema tumecheka farasi. Lakini uongo wake huwa haufiki mlangoni, na huyu meneja hakuonekana mjinga. Nikamwambia, "Mwambie nilivyosema. Vile vile."

Akasema. Bibi yule akapanda ngazi moja moja, mkongojo ukigonga. Akaniuliza, kupitia kwa mtoto, nimelitoa wapi jambo hilo. Nikamweleza kwamba mwanamume huyu ana jina la ukoo wa nyumba, basi nimemweka mwana wa nyumba. Kwetu mwanamume hata akifa njaa haachi jina la baba yake. Akaeleza yeye kwamba mzee wa tano hakuwa na mwana, akaandika wosia: atakayemwoa binti yake achukue jina lao, la sivyo nyumba aisahau.

Nikauliza, "Na huyu wa sita, baba yake mwenyewe alikuwa nani?"

Bibi akamtazama meneja. Meneja akamtazama mjukuu wangu. Hakuna aliyejua. Bibi akasimama mbele ya ile picha muda mrefu, mpaka miguu yangu ikaanza kuuma, kisha akashuka bila kucheka wala kukasirika, na hilo ndilo lililonitesa.

Siku tisa tulisubiri. Kila simu ikilia nilizima jiko. Mjukuu wangu hakunilaumu, bora angenilaumu. Siku ya tisa akaja mwenyewe. Kazi ya kudumu hawakumpa. Wamemwongezea miezi mitatu, kwa ombi la yule bibi, amtafute baba wa mtu wa sita kwenye vitabu vya kanisa na makaratasi ya zamani. Akimpata, watazungumza tena. Alifurahi. Mimi nikahesabu: miezi mitatu, na mtu ambaye hata watoto wake walimsahau. Nilianza kumwombea marehemu yule, Mungu amsitiri lakini asimfiche.

Mjukuu wangu anaapa kwamba habari ya wosia alinisomea jikoni. Mimi nasema aliiruka. Ninyi mliokuwepo, kama alikuambieni alinisomea, au kama kicheko kilianza kwa mtu mwingine nisiyemtaja, niambieni nirekebishe. Ningali hapa mtaa ule ule, mlango haujabadilika rangi.