Amina ya Chumba cha Pasi

Shangazi yangu hamalizi sala kama watu wengine. Chakula kikiwa mezani sisi tunafumba macho, yeye anayaacha wazi. Anamweleza Mungu shida zake kama anavyomweleza fundi bomba, na akifika mwisho anasema, "Ni hayo tu." Kisha anavuta sahani. Wageni huduwaa. Mama mkwe wa kaka yangu aliwahi kumuuliza kama sala ya namna hiyo inafika. Akaambiwa ale, chakula kinapoa.

Kisa cha tabia hiyo nimekisikia mara nyingi.

Shangazi alipiga pasi miaka mingi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kilichofua mashuka ya hoteli. Tajiri wao, wafanyakazi walimbandika jina la Tufumbe, kwa sababu kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, aliwakusanya chumba cha pasi na kusema, "Tufumbe macho." Alikuwa bonge la mtu, mikono laini, sauti ya upole inayoteleza kama sabuni.

Tufumbe hakutoa amri hata siku moja. Aliomba. Akitaka watu waje kazini siku ya mapumziko, alimshukuru Mungu kwa kuwapa watumishi wake moyo wa kujitolea, na wao, macho yamefumbwa, wakaitikia amina. Mchana mtu akinung'unika, Tufumbe alimshika bega na kumkumbusha kwamba asubuhi walikubaliana wote mbele za Mungu. Hata feni ya chumba cha pasi ilihamia nyumbani kwake kwa njia hiyo. Alimshukuru Mungu kwa upepo wa dirishani, wakasema amina, feni ikapakiwa garini. Watu walipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na bado wakainamisha vichwa kesho yake.

Basi mkunja mashuka mmoja akapata mimba. Alikuwa binti mkimya, mume hana kazi, na mshahara wake ndio uliokuwa unalisha nyumba nzima. Sheria haikuruhusu kumfukuza mtu kwa ajili ya mimba, na Tufumbe aliijua sheria hiyo vizuri. Lakini mfanyakazi akiamua kuondoka mwenyewe, nani atauliza?

Shangazi aliinusa hila hiyo mapema. Alimvuta yule binti nyuma ya kabati la mashuka.

"Mdogo wangu, kesho akiomba, usiitikie. Hata akiomba mvua. Funga mdomo."

Binti akakubali. Shangazi akawapitia wapiga pasi wengine mmoja mmoja. Wapo waliomwambia mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, lakini nao mwishowe wakakubali.

Asubuhi Tufumbe aliomba kwa kirefu. Alishukuru kwa maji, kwa umeme, kwa wateja. Kisha akamshukuru Mungu kwa kumpa dada yao hekima ya kuamua mwenyewe, bila kinyongo, kwenda kupumzika nyumbani. Akangoja amina yao.

Hakuna aliyeitikia. Shangazi alifumbua macho kidogo ili aone wenzake wanavyostahimili, na hapo akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona miaka yote ile. Macho ya Tufumbe yalikuwa wazi. Alikuwa anakagua midomo yao, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu mashuka.

"Bila kinyongo, ee Mungu," akarudia.

Wapiga pasi walibana midomo. Shangazi anasema aliona jasho kwenye paji la uso la yule bwana, na moyo wake ukaanza kucheza kwa furaha. Tufumbe akageuza shingo, akamtazama mkunja mashuka peke yake, na sauti yake ikazidi kulainika.

"Na kiumbe hiki kilicho tumboni, ee Mungu, kizaliwe salama. Kisipatwe na baya lolote."

Mama gani atamnyima mwanawe neno hilo? Binti, macho yamefumbwa, mikono juu ya tumbo, akasema, "Amina."

"Amina," akasema Tufumbe, akampa mkono. "Umeamua vizuri, mwanangu."

Kufikia mchana binti alikuwa nje ya geti na kanga zake ndani ya mfuko wa plastiki, akilia, akimuuliza Shangazi amekosea wapi. Yule mtu alimtumia mtoto ambaye hajazaliwa kumng'oa mama yake kazini, kisha akaenda kunywa chai.

Mtoto alizaliwa salama, na Shangazi humtaja kila siku mezani. Jana nilimuuliza, kwa nini hata huyo asimwombee kwa amina, kama mama yake alivyofanya.

"Mimi ni dobi," akasema. "Simrudishii mwenyewe neno lake likiwa bado na doa."

Akavuta sahani.