Uso wa Mwari Wangu

Mimi ni mtoto wa Tanga, na Kasulu nilifuata mume, muuza kanga na vitenge. Nilipofika na jiwe langu la kusagia liwa, mti ule wa manukato, akina mama wa mjini wakanifanya somo. Mwari wa Kiislamu akikaribia kuolewa, analetwa kwangu siku saba, namsinga kwa liwa mwili mzima na kumfunda. Kazi naijua, sikatai. Ila na mdomo ninao.

Mwaka 2014, baada ya Idi, jirani yangu Muha akaniletea binti yake. "Mwakeye," akanisalimu, kisha akashusha sauti: "Somo, mwanangu ana aibu na uso wake." Binti alikuwa na chunusi tangu kidato cha kwanza. Akizungumza, mtandio uko mdomoni. Akicheka, mtandio uko machoni. Alichokihofia ni siku ya saba, siku ya kutolewa, maana hapo somo humfunua mwari mbele ya wanawake wote.

Nikamtazama. Mbona zilikuwa zimebaki chache tu! Akanionyesha kichupa cha asidi ya salisiliki, alichoshauriwa na dada wa duka la dawa, mtumishi mgeni aliyetoka Mwanza. Miezi miwili alikuwa akipaka tone dogo usiku, kwanza siku moja anapaka, moja anaruka, mpaka ngozi ikazoea.

"Dada yule amesema nisisugue uso," akaniambia kwa adabu.

"Amewafunda wari wangapi?" nikamuuliza. Loo, ujuaji! Kwangu mimi mwari asiyesuguliwa hajasingwa. Nikasaga liwa na mchele, nikamsugua mashavu yale kama nasugua sufuria. Siku ya pili hivyo hivyo. Naye, maskini, kwa kuogopa chunusi zisirudi, usiku alikuwa akijipaka dawa yake kimyakimya.

Asubuhi ya tatu nikamkuta analia. Mashavu mekundu, yanachunika, hata maji ya kunawa yanamchoma. Nikakwapua kile kichupa, nikashuka mjini na vumbi lile la kiangazi, nimefura. Nilikwenda kumgombeza mtu, basi.

"Shikamoo mama," akaniamkia yule dada. Nikamwaga yangu yote. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza, "Uso mmeusugua?"

"Kwa liwa na mchele," nikajibu. Ndipo akanieleza, bila kunicheka, kwamba dawa ile inalegeza ngozi iliyokufa inayoziba vitundu, na kuiondoa pole pole. Nguvu yake ni ndogo, ya usoni. Ile kali ya kuondoa sugu za miguu haipakwi usoni hata kwa bahati mbaya. Ina undugu na aspirini, kwa hiyo kabla ya kumuuzia alimuuliza binti kama aspirini inamdhuru. Ukiipaka kisha ukasugua na mchele, umechubua ngozi nzima. "Acheni vyote viwili. Maji baridi, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na asitoke juani. Yakitoka malengelenge, mpelekeni hospitali mara moja."

"Siku nne zitatosha?"

"Atapona mama, lakini kwa siku nne siahidi."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga uongo. Kichupa kingebeba lawama vizuri tu, nani angenibishia? Nikafika, nikamkuta mama mtu amemshika mwanawe mkono. Uongo nikauacha pale pale. Nikasema, "Ni mimi. Aliniambia, nikajifanya najua. Nisamehe, mwanangu." Kwetu somo hamwombi mwari radhi. Niliomba, na machozi yakanitoka.

Siku zilizobaki nilimpaka mafuta kwa ncha ya kidole. Wekundu ukapungua, mchomo ukaisha, lakini siku ya saba mashavu bado yalikuwa na mabaka. Wanawake wamejaa ukumbini, ngoma inalia. Nikamnong'oneza, "Nitawaambia hufunuliwi. Watakuona siku nyingine."

Alinishika mkono. "Somo, nimejificha miaka mingi. Nifunue."

Nikafunua. Vigelegele vilianza, vikasita. Bibi mmoja wa mbele, asiye na breki, akauliza kwa sauti, "Ee, na huo uso umefanyaje?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi. Mwari akaniwahi, kichwa juu, mikono yake imetulia mapajani:

"Somo wangu alikosea, akakiri. Unapona. Mnaniona?"

"Tunakuona!" wakajibu kwa pamoja, na mama yake ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.