Uyoga Usio Mchungu

Katika soko la dawa za mitishamba kule Anhui, China, Bi Xiong Guizhen, mwenye duka la dawa, hakumwamini mtu. Kila kipande cha uyoga wa lingzhi alichouziwa alikitafuna kwanza, maana uchungu ndio dalili kwamba kemikali za dawa zimo. Kisichokuwa kichungu alimrushia muuzaji, hata awe nduguye.

Alipougua kifua, mkaza mwanawe, Ruolan, alimchemshia uyoga huohuo. Guizhen akaonja, akakunja uso.

“Nani kakuuzia takataka hizi? Uyoga huu ulishachemshwa, dawa ikatoka yote, kisha ukaanikwa tena. Umeibiwa mchana kweupe, mwanangu.”

“Sikununua, mama,” Ruolan akajibu. “Nimechota dukani kwetu, kwenye gunia la wateja. Lile lako umelifungia kwa kufuli.”