Jini wa Jua la Utosi

Nilipokuwa mtoto kule Bofu, Likoni, sikumjua mtu aliyezijua hadithi za kutisha kama dadangu Zuhura. Alikuwa msichana mkubwa tayari. Aliazima vitabu kwa wenzake, akavisoma kwanza yeye, kisha akanichagulia. "Hiki bado wewe," angesema. "Hiki utakipenda, lakini usikisome peke yako." Kwa vitabu nilimwamini kama nilivyomwamini mama kwa chakula.

Ni yeye aliyenifundisha kuogopa mchana. Kwetu watoto walikatazwa kutoka jua la utosi, kwa kuwa saa hiyo majini hupita. Mama alilisema hilo kama mtu anayetaka tu kulala kidogo baada ya chakula. Zuhura alilisema akinitazama machoni. Jini wa mchana huburura mguu, alisema. Ukimsikia, usichungulie wala usiite mtu. Jina utakaloita, mwenye jina hilo huchukuliwa.

Shule zilikuwa zimefungwa aliponipa kitabu chembamba cha hadithi fupi, jalada limetoka. Baba alikuwa kazini bandarini, mama amelala.

"Da Zuhura, hiki chatisha?"

"Kuliko vyote. Kaa humu chumbani ukimalize. Usitoke mpaka adhana ya alasiri, umesikia?"

"Nimesikia."

Alinibusu kichwani, akaurudishia mlango.

Nilikuwa katikati ya hadithi ya mke aliyezikwa na funguo za nyumba niliposikia kitu kikiburutwa ukumbini. Kikatua, kikaburutwa tena hadi uani. Nilitaka kumwita Zuhura, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, jini asije akamchukua. Nilijikojolea pale pale mkekani, wala sikuita.

Mama alipoamka alikuta kabati la Zuhura li wazi, sanduku halipo. Magharibi haijaingia, habari ikaja: amekwenda Tanga kuolewa na mwanamume ambaye baba alikuwa amemkataa.

Baba alinisimamisha mbele yake. "Wewe ulikuwa macho. Hukusikia kitu?"

"Nilimsikia jini, baba."

"Jini!" Akamgeukia mama. "Wamepanga hawa. Hata huyu mdogo amefunzwa kunidanganya."

Hakunipiga. Lakini tangu siku hiyo shikamoo yangu aliijibu kwa kichwa, na nikimweleza jambo, humuuliza mama kama ni kweli.

Sasa naishi Utange, na Jumamosi tunakutana wasomaji wachache barazani kwangu. Wakitaka riwaya za kutisha huniuliza mimi. Huwaambia waanze na mikusanyo ya hadithi fupi, maana hofu ya kurasa chache hukaa sana mwilini. Wakija kwenye riwaya, waziache zile zenye damu kila ukurasa, watafute ile ambayo mtu anafungiwa mlango na anayempenda. Kijana mmoja aliyehamia kutoka bara alicheka: "Sasa hiyo inatisha nini?" Nilimpa kitabu akasome.

Mwaka jana baba alifariki, na Zuhura akaja matangani. Tulikuwa jikoni, yeye akimenya vitunguu, nilipomuuliza kwa nini siku ile alinitisha.

"Ungelia," alisema. "Ungenishika buibui, nami nisingeweza kuondoka."

"Ungeniaga tu."

"Ulikuwa mtoto, mdogo wangu. Nilitafuta la kukufanya ukae."

Alilisema kwa mapenzi, na huenda yalikuwa mapenzi kweli. Kuondoka nilimsamehe zamani. Mtu ana haki ya kumfuata amtakaye. Kisichonishuka ni kwamba alinijua vizuri hivyo. Alijua nitanyamaza ili nisimpoteze, akapita katika kimya changu na sanduku lake.

"Baba amekufa akiamini nilikufichia siri," nikamwambia.

Aliweka kisu chini. "Wallahi sikujua."

Nilimwamini. Na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza.