Mguu Mmoja Kwenye Gwaride

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Hapana, nakosea. Ilikuwa wa kumi na tatu, maana Josephati Tluway alipoondoka kijijini kwao Daa, kule Karatu, kwenda Kongo na jeshi, binti yake Angelina alikuwa ameanza kutambaa, na ule wa kumi na mbili mtoto huyo alikuwa bado tumboni. Mniwie radhi. Natembea sana, na miaka inanichanganyikia njiani. Kazi yangu ni kukata katambuga, vile viatu vya tairi, na kuviuza minadani, leo Karatu, siku nyingine Endulen, mwezi mwingine hata Loliondo. Habari hii nilipewa nusu na Josephati mwenyewe, na nusu nikapewa na mwenzake wa jeshini, Moloimet, kijijini kwao Arash, na zile nusu mbili zilikaa sawasawa.

Josephati ni Mwiraqw, au Mmbulu kama wengi wanavyowaita, mtoto wa wakulima, mtu mfupi mwenye shingo nene na maneno machache. Moloimet ni Mmasai mrefu wa rika la Korianga. Nyumbani watu wao walinyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka. Jeshini wakapangwa hema moja. Kambi ilikuwa mlimani, ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo vita ilisikika kama jirani anayetwanga mahindi. Walikuwa wakipewa mafunzo ya mwisho kabla ya kupelekwa mbele: kutambaa kwenye tope, kuchimba mahandaki, kulala na viatu.

"Mmbulu, chimba," Moloimet alimwambia siku walipogawiwa sepetu. "Wewe umezaliwa na jembe mkononi. Chimba na handaki langu."

"Na wewe utafanya nini? Ng'ombe wa kuchunga huku hakuna."

"Nitakuchunga wewe. Naona unanenepa vizuri."

Walikuwa na sajini mmoja, jina lake silitaji kwa sababu naye ana watoto. Asubuhi moja akamkuta Moloimet lindoni amesimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuegemeza gotini, bunduki ameishika kama fimbo. Sisi wa huku tukimwona mchungaji amesimama hivyo tunajua yuko macho. Sajini alikuwa mtu wa mjini.

"Wewe korongo! Hapa ni mbugani?"

"Hapana, afande. Mguu mmoja unapumzika, macho yote mawili yako kazini."

Askari waliokuwa karibu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Moloimet akavuliwa mkanda na kufungiwa kotagadi, kile chumba cha kuwaweka askari wakorofi.

Basi chakula kikapelekwa, ugali na maharage. Moloimet akaitazama sahani, akaisogeza kando.

"Mbona huli?" mlinzi akauliza.

"Niletee mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kula naye. Morani hali peke yake."

Hiyo ni desturi yao, wala si maringo. Kijana wa Kimasai hamezi kitu bila mwenzake wa rika. Anayekula peke yake ni kama amesema njaa yake ni kubwa kuliko watu wake. Kule bwaloni hakuna aliyewahi kuliona jambo hili, kwa kuwa wote hula pamoja. Kotagadi ndiko likaonekana, na sajini akalisoma anavyojua yeye.

"Kugoma kula ni uasi," akasema. "Akiendelea hivi mpaka kesho jioni, anarudishwa kwao." Mlinzi naye akakatazwa kumega hata tonge moja.

Moloimet hakutaka kurudishwa. Alikuwa wa kwanza katika boma lao kuvaa sare, na baba yake, mzee Metui, alikuwa ametangaza mnadani kwamba mwanawe yuko vitani. Angeonekana amekimbia. Lakini kula peke yake pia hakuweza. Ile sahani ikaondoka ilivyokuja, na ya asubuhi vilevile.

Josephati akamwendea sajini. "Afande, yule hajagoma. Niruhusu nikale naye, mara moja tu."

"Wewe ni Mmasai?"

"Hapana, afande. Lakini mdomo ninao."

"Kotagadi si hospitali, watu waende kutazama wagonjwa! Kule haingii mtu bila kosa."

Josephati akapiga saluti, akaondoka na lile neno: bila kosa.

Mchana wake palikuwa na gwaride, na meja mwenyewe alikuwa anakagua. Watu wamenyooka kama mahindi ya mbegu. Meja alipofika kwenye mstari wa Josephati, huyu mtoto wa Daa akainua mguu wa kushoto polepole, akauegemeza gotini, akashika bunduki kama fimbo, akatazama mbele. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Huyu anaumwa?" meja akauliza.

"Haumwi, afande," sajini akajibu, jasho linamtoka. "Ni ukorofi. Kotagadi!"

Josephati akafurahi moyoni, ila uso hakuubadilisha.

Moloimet alipomwona anasukumwa ndani akashangaa. "Umefanya nini wewe?"

"Nimesimama."

"Kwa mguu upi?"

"Wa kulia. Nimeinua wa kushoto."

"Na miguu yako mifupi hiyo! Ulionekana kama kuku anayenyeshewa." Kisha akamwuliza kwa upole, "Ulitahiriwa lini?"

"Baada ya ile mvua ya Elinino."

Moloimet akahesabu kichwani. "Basi ni rika langu. Nawa mikono."

Wakala sahani moja. Moloimet anasema waliipangusa mpaka ikang'aa.

Jioni ile meja akaelezwa yote. Moloimet akafunguliwa, maana aliyekula hajagoma. Josephati akapelekwa mbele ya wenzake.

"Umefanya mzaha kwenye gwaride," meja akasema. Hakuwa mtu mbaya, nimeambiwa. "Sema, 'Nimekosa, afande,' nami nitayamaliza hapa hapa."

"Sikukosa, afande. Nilikwenda kula na mwenzangu."

"Nakupa nafasi nyingine."

"Nashukuru, afande. Sikukosa."

Moloimet alishindwa kuvumilia mstarini. "Sema tu, wewe Mmbulu! Ni neno tu!"

"Kama ni neno tu," Josephati akajibu bila kugeuka, "wanalitakia nini?"

Moloimet akaenda vitani na wenzake, akamaliza zamu yake, akarudi Arash na sare. Josephati alirudishwa Daa kabla ya wote, na jeshini hakuitwa tena. Pale kwenye mashine ya kusaga, vijana walimpokea: "Askari wa mguu mmoja kaja!" Mkewe, Cresensia, akatua gunia lake. "Njooni karibu muuone na wa pili, awapige nao." Hawakusogea.

Kaka yake, Julius, amembembeleza miaka. "Nenda ukanyenyekee, mdogo wangu. Pengine watakurudisha."

"Nikienda kusema nilikosa," Josephati humjibu, "Moloimet atakuwa alikula na nani?"

Analima mbaazi na ngano, mguu wake umepanuka kama wa mkulima yeyote. Mwaka jana, mjini Karatu, nilikaa benchi moja la chai na afisa mstaafu. Kumbe alikuwa anaijua habari hii, akaicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamngoja amalize kucheka, nikamwuliza. Akatazama saa yake, akaaga. Nimewauliza na wengine tangu hapo, wenye vyeo na wasio navyo, nao huangalia chini au hunisifia viatu. Nami naendelea kuuliza, sioni haya: Josephati alitakiwa aombe radhi kwa lipi, kwa kusimama au kwa kula?