Karani wa Ramani

Karani wa ramani huweka miwani kichwani, kisha huitafuta mezani kila mteja anapoingia. Akishaipata hukunjua ramani na kuipapasa kwa kiganja, polepole, kama anayebembeleza mtoto alale. Wazee huja kumuuliza nyumba zao zilikuwa wapi kabla mtaa haujavunjwa kupisha barabara kuu. Hakuna anayetoka mikono mitupu. Kidole chake huteremka penye kisima, hukata kona ya mashine ya kusaga, hutua. "Hapa, mama, ndipo lilipokuwa jiko lako." Nao huondoka wakijifuta machozi, wakimwombea heri.

Siku moja kabla ya sikukuu, ofisi ikiwa tupu, alikuja mdogo wake wa kike. Tangu nyumba yao ivunjwe hakuwahi kuomba aonyeshwe mahali ilipokuwa, leo aliomba. Kidole kiliteremka penye kisima, kikakata kona, kikasita. Mdogo mtu akaona pembeni mwa ramani tarehe, na mwandiko alioujua tangu utotoni.

"Kaka, mstari huu wa barabara uliuchora wewe?"

"Nilitumwa."

"Kabla ya ile sikukuu ya mwisho aliyoiona mama?"

Karani aliinamisha kichwa. "Wiki tatu kabla. Nilikuja nyumbani nimwambie. Nikamkuta juu ya stuli anapaka ukuta chokaa, anacheka, ananiambia, mwanangu, mwaka huu nyumba itang'aa. Nikachukua brashi, nikamsaidia."